Duara la Kijani Kitaluni

Vitunguu vya kijiji cha Kakese viliota vyote kwa pamoja, halafu vikasimama.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, mvua zikiwa zimeanza kuaga. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimepewa kipande cha bonde kando ya kijito ili kila kaya ipate mboga, maana redio ilikuwa inahubiri kampeni ya Chakula ni Uhai asubuhi na jioni. Bwana shamba wao aliitwa Melkior. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyesukuma baiskeli yake zaidi ya alivyoipanda kwa sababu ya mchanga. Yeye ndiye aliyewafundisha kuchoma kitalu kabla ya kusia mbegu.

"Moto unaua mbegu za magugu," aliwaambia. "Unaua na minyoo ya mizizi. Unaua kila kitu."

Akina mama walikata kuni kwa furaha. Walirundika magogo juu ya kitalu chote, wakawasha asubuhi, na moto ukaunguruma mpaka jua linazama. Udongo ulitoka mwekundu kama tofali. Ulipopoa wakagawana kitalu, kila mmoja na sehemu yake, wakasia, wakafunika kwa nyasi, wakamwagilia. Siku miche ilipotokeza, mistari ilinyooka kama nyuzi za mkeka, na hakukuwa na jani moja la gugu. Melkior alizunguka kitalu akitabasamu peke yake.

Kisha miche ikafika urefu wa kidole cha mtoto, ikakoma hapo. Ncha zikaanza kugeuka zambarau. Waliweka samadi iliyooza vizuri, haikusaidia. Waliweka mbolea ya chumvichumvi, ikaunguza michache na mingine ikabaki vilevile, myembamba kama unywele. Kila asubuhi walikuja na ndoo zao, wakainama, wakainuka bila kusema neno.

Isipokuwa mahali pamoja.

Katika sehemu ya Marsela, karibu na katikati ya kitalu, miche ilikuwa inakua. Haikukua kwa mstari wala kwa pembe. Ilikua kwa duara, kana kwamba mtu alilaza ungo pale akauchora pembeni. Ndani ya duara majani yalikuwa ya kijani kibichi kizito, manene, yamesimama wima. Hatua moja nje ya duara kulikuwa na zambarau na njaa. Kilichowashangaza watu zaidi ni kwamba duara halikutulia. Mche uliokuwa pembeni kabisa, wa zambarau wiki iliyopita, wiki hii ulikuwa umegeuka kijani, na ule wa jirani yake ulikuwa unaanza kugeuka, kama habari njema inayopita nyumba kwa nyumba.

Mwanzoni walitazama tu. Mama mmoja aitwaye Getrude alijifanyia ishara ya msalaba. Mwingine aligusa majani kwa kidole kimoja, taratibu, jinsi mtu anavyogusa utosi wa mtoto mchanga. Marsela mwenyewe alikuwa akichuchumaa pale kila asubuhi baada ya kumwagilia, hajui afurahi au aogope.

Marsela hakuwa mzaliwa wa Kakese. Alitokea Mpimbwe, mjane, akahamia wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipokuwa inawakusanya watu, akiwa na binti mdogo mgongoni. Aliyempokea alikuwa Dafrosa, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Dafrosa ndiye aliyempa nyasi za kuezekea na mbegu ya mahindi ya mwaka wa kwanza. Tangu hapo walikuwa wakienda kanisani pamoja, kisimani pamoja, na ugali wa mmoja ukiungua mwingine alisikia harufu.

Kwa hiyo Dafrosa alipokuja uani kwake asubuhi moja, akakataa kiti, Marsela alijua kuna neno.

"Mdogo wangu," alisema Dafrosa, "niambie mwenyewe kabla sijaambiwa na wengine. Uliweka nini pale?"

"Sikuweka kitu."

"Getrude alikuona. Asubuhi ile kabla hatujasia. Ulikuwa umepiga magoti mahali palepale, unapaka udongo kwa mikono yote miwili."

Marsela alitafuta kichwani, akakumbuka. "Fuko," alisema. "Nilikuta fuko amechimba chini kwa chini kutoka porini, ametupa rundo lake katikati ya sehemu yangu. Udongo mweusi, wa baridi. Nikautandaza kwa mikono ili pawe sawa. Basi."

Dafrosa alimkazia macho. "Fuko ni mwizi wa mizizi, Marsela. Tangu lini mwizi akalisha?"

Akaondoka bila kuaga.

Maneno yalitembea haraka. Kwamba mjane wa Mpimbwe amezika dawa. Kwamba duara lake linanyonya nguvu za sehemu za wenzake, ndiyo maana linapanuka, na wao wamekauka. Kisimani, Marsela alipofika, mazungumzo yalikatika. Binti yake alirudi nyumbani akilia kwa sababu wenzake walikataa kushika kamba ya kuruka pamoja naye. Usiku ule Marsela hakula. Hakuogopa kufukuzwa kikundini kama alivyoogopa ile sura ya Dafrosa, sura ya mtu anayemtazama asiyemjua.

Jumamosi, Melkior alipofika na baiskeli yake, aliwakuta akina mama wamezunguka kitalu na majembe mikononi. Walikuwa wamekubaliana kulifukua duara. Marsela alikuwa amesimama mbele ya miche yake, mikono mitupu.

"Nyie, subirini!" Melkior aliangusha baiskeli. "Kuna nini?"

Wakamweleza, wote kwa pamoja, kisha Dafrosa peke yake. Melkior alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Alichuchumaa, akang'oa mche mmoja wa zambarau. Ulitoka mwepesi, mizizi yake mitupu na safi kama imeoshwa. Akang'oa mmoja wa ndani ya duara. Huu ulitoka na udongo wake. Alipoutikisa, udongo haukudondoka, uling'ang'ania mizizi kama unga kwenye mkono wenye maji. Akautikisa tena, akauinua juu ili kila mtu aone.

"Sijui hiki ni nini," alisema. "Nasema kweli, sijui. Lakini nataka tujaribu. Tuchukue udongo wa fuko, tuuchanganye na huu tuliouchoma, tusie kwenye makopo. Tuone."

"Na kama dawa yake imo ndani ya huo udongo?" Dafrosa aliuliza. "Makopo yatatuambia nini?"

Marsela akasema, bila kumtazama mtu mwingine isipokuwa rafiki yake:

"Dafrosa. Dawa ya tumbo unaitengenezaje?"

"Unajua. Nachemsha mizizi."

"Ukiichemsha, dawa inakufa?"

"Inakufaje? Ndiyo inapata nguvu."

"Na yai la kuku ukilichemsha, linatoa kifaranga?"

Jembe la Dafrosa lilishuka.

"Basi chukueni udongo wa fuko," Marsela aliendelea. "Siyo wa hapa, nendeni porini mkachague rundo lolote mnalotaka. Nusu mchemshe, nusu muache. Kama ni dawa, ule uliochemshwa ndio utashinda. Kama ni kitu chenye uhai, kitakufa na miche itadumaa. Mimi sitagusa. Makopo yakae kwa Dafrosa, amwagilie yeye, na mimi sitaingia uani kwake."

Melkior alimtazama mdomo wazi. Kisha akasema, polepole, "Ndiyo. Hivyohivyo."

Ikafanyika. Dafrosa mwenyewe aliingia porini, akapita marundo mengi ya fuko mpaka akapata moja lililompendeza, chini ya mninga mkubwa. Alichemsha nusu ya udongo huo katika chungu kikuukuu, akikoroga kwa mwiko kama anapika uji, majirani wakimtania kutoka nje ya ua, wakiuliza leo anapika nini. Kila mama alileta kopo lake la mafuta. Mengine waliyajaza udongo uliochomwa peke yake, mengine wakachanganya na wa fuko mbichi, mengine na wa fuko aliyepikwa, kama walivyouita wenyewe. Wakasia vitunguu, na juu yake mbegu chache za nyanya chungu, Getrude akitaka kuona na hizo zitafanyaje.

Wiki zile zilikuwa ndefu kwa Marsela. Alipita mbele ya ua wa Dafrosa akitazama njia. Mara moja tu alisikia sauti ya maji yakimwagwa kwenye makopo, akasimama, kisha akaendelea na safari yake.

Siku Dafrosa alipokuja, hakupiga hodi. Alisimama mlangoni akiwa na kopo katika kila mkono, na Marsela alishtuka kuona machozi. Kwenye kopo la kushoto kulikuwa na nywele za zambarau. Kwenye kopo la kulia, vitunguu vilikuwa vimenona, na mche wa nyanya chungu ulikuwa umefungua majani mapana kama sikio la mbwa.

"Yaliyopikwa yote yako hivi, na yasiyowekwa udongo wa fuko pia," Dafrosa alisema, akiinua lile la kushoto. "Yote, hata moja halikukosea. Na mabichi yote yako hivi." Akaliinua na la kulia. "Marsela, humu ndani kuna kitu kinaishi. Nimekimwagilia maji kila siku, nimekilinda na kuku, na sijakiona kwa macho."

Akayaweka makopo chini kwa uangalifu mkubwa. "Nilikutupa," alisema. "Mbele za watu."

Marsela alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Alikuwa ameyapanga akiwa amelala macho wazi, maneno ya kukata. Sasa alimtazama mwanamke yule mpana, kanga imelowa kifuani, na maneno hayakuja.

"Kaa," alisema hatimaye. "Kiti ni kilekile."

Waliketi. Walikuwa wanatazama makopo mawili, moja limekufa njaa na moja linashiba, kutoka kwenye udongo wa rundo moja.

Melkior naye hakulala usingizi mzuri tangu alipoyaona makopo yale. Alikumbuka kwamba mwalimu mmoja chuoni aliwahi kuwaambia, kama mtu anayesimulia kichekesho, kuwa misonobari ilipoletwa nchini mara ya kwanza ilidumaa vitaluni mpaka ulipoletwa udongo wa chini ya misonobari mikubwa. Darasa lilicheka, mwalimu akaendelea na mambo ya mahindi. "Nilisema moto unaua kila kitu," alimwambia Marsela. "Nilikuwa nasema kweli, ila sikujua kila kitu ni nini."

Alimfahamu mtu mmoja mjini Mpanda mwenye hadubini. Aliitwa Siméon, Mrundi aliyekimbia mauaji ya kwao mwaka wa sabini na mbili, akakaa kambi ya wakimbizi ya Katumba, kisha akapata kazi ya kupima damu na makohozi kwenye hospitali moja ya misheni. Walipanda trela la trekta lililokuwa linapeleka mpunga: Melkior, Marsela na Dafrosa, kila mwanamke na kopo mapajani. Walipofika mtaa wa Majengo mjini walikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Siméon alikuwa mtu wa makamo, koti lake jeupe limefifia, anazungumza Kiswahili kwa uangalifu kama anayevuka mto kwa mawe. Aliwasubirisha mpaka akamaliza kutazama vioo vyenye damu na makohozi ya wagonjwa.

"Mizizi?" alisema alipoelezwa. "Mimi napima watu, ndugu zangu."

"Tazama tu," Melkior alimsihi. "Utuambie unachokiona."

Siméon alifikiri. Alikuwa na dawa moja kali anayotumia kulainisha magamba ya mapunye ya watoto, pamoja na wino wa bluu, ili ukungu wa mapunye uonekane. Alichukua mizizi michache kutoka kila kopo, akaichemsha ndani ya dawa ile mpaka ikawa laini na angavu, akaiosha, akaitia wino, akaiosha tena. Alitazama mzizi wa kwanza. Akatazama wa pili. Akavuta kiti nyuma.

"Pole sana," alisema. "Mmea huu unaumwa."

"Upi?" aliuliza Melkior.

"Huu. Umejaa ukungu. Nyuzi ndani mwake kote, kama za mapunye. Mmea huu mwingine mzima kabisa, safi kama maji."

Dafrosa alisogea, akatazama alama ya kopo kwenye kioo. Akamtazama Marsela, kisha Siméon. "Baba, umechanganya. Huo unaosema unaumwa ndio huu hapa." Akaliinua kopo lenye vitunguu vinene. "Na mzima wako ndio huu." Akainua nywele za zambarau.

Siméon aliyatazama makopo kama mtu aliyeambiwa mtoto ni mkubwa kuliko babaye. Akarudia kazi yote tangu mwanzo, mizizi mipya, vioo vipya. Ikawa vilevile. Akarudia na mizizi ya nyanya chungu. Vilevile. Wenye njaa walikuwa safi. Walioshiba walikuwa wamejaa ukungu kuanzia mwanzo wa mzizi hadi mwisho wake, na hakuna mahali ulipoharibu kitu.

"Haumli," alisema Siméon kwa sauti ya chini. Alikuwa hazungumzi nao tena, alikuwa anazungumza na kioo. "Unaishi ndani yake, na haumli."

Akasimama, akampisha Marsela.

Marsela hakuwahi kutazama kwenye chombo kile. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha mwanga ukatulia, na akaona mzizi, mpana kama barabara, umejengwa kwa vyumba vilivyopangwa safu kwa safu. Nyuzi za bluu zilipita kati ya vyumba kama njia za watu. Na ndani ya vyumba, kimoja baada ya kingine, aliona kitu kilichomfanya ashike ukingo wa meza.

"Kuna miti humu," alisema.

"Miti gani?" Dafrosa alimsukuma begani.

"Miti. Kila chumba na mti wake. Ina shina, ina matawi, na matawi yana matawi." Alinong'ona, ingawa hakuna aliyelala. "Ni kama pori la kiangazi majani yakishapukutika. Lote limo ndani ya mzizi wa kitunguu."

Dafrosa alipotazama, naye alinong'ona "Kweli," jambo ambalo watu wa Kakese wasingeliamini. Siméon alisogeza kioo polepole mpaka wakafika ukingo wa mzizi. Pale uzi mmoja ulikuwa umetoboa ukatoka nje, mwembamba kupita kitu chochote walichowahi kukiona, ukagawanyika, ukaendelea gizani kando ya mwanga.

"Unaishia wapi?" Dafrosa aliuliza.

"Mwisho wake ulibaki kwenye udongo wenu," alisema Siméon. "Sisi tumeukata."

Melkior, zamu yake ilipofika, alieleza kile alichoweza kukisia: kwamba mzizi una urefu wake na hauwezi kupita hapo, lakini nyuzi hizi zinapenya palipo padogo mno kwa mzizi, zinaleta chakula kilichojificha kwenye udongo, na kitunguu nacho huzilipa kwa utamu unaotengenezwa na jani juani. Na zikitoka mzizi mmoja huuingia mwingine, ndiyo maana duara lilikuwa linatembea. Alieleza bila majivuno, akisimama kila mara kusema "nadhani". Wanawake walimsikiliza kama watu wanaosikia habari za ndugu waliyekuwa hawajui kuwa wanaye.

Siméon hakusikiliza sana. Alikuwa amerudi kwenye hadubini. "Tangu nifike hapa," alisema bila kuinua kichwa, "kioo hiki nakitazama kila siku ya Mungu. Natafuta malaria. Natafuta kifua kikuu. Nikiona kitu ndani ya kitu kingine, naandika ni ugonjwa gani, na mtu anatoka hapa analia." Alisogeza kioo kidogo. "Niacheni nitazame tena kidogo."

Walimwacha. Nje wagonjwa wa mchana walikuwa wameanza kukusanyika kwenye benchi, na hakuna aliyewaita kwa muda.

Waliporudi, watu wa Kakese wakabeba udongo wa porini kwa vikapu. Waliuchota juujuu, kwenye nyasi chini ya mininga, wakauchanganya kitaluni katikati ya mistari kwa vidole, wote wamepiga magoti, na Getrude alikuwa wa kwanza kuanza. Msimu ulikuwa umeshachelewa. Miche mingi haikuwahi; ila iliyowahi iligeuka rangi mbele ya macho yao, na kiangazi kile kila kaya ilisuka vitunguu vyake, misuko mirefu kwa mifupi, ikaining'iniza juu ya meko. Mwaka uliofuata Melkior alipita vijijini akiwaambia watu wakichoma kitalu warudishe kikapu cha udongo hai. Wengine walimwelewa. Wengine walisema bwana shamba amelogwa na Wapimbwe.

Dafrosa aliona huu ni ufunguo wa kila mlango. Akasia kabichi, kitalu kizima, akaweka udongo wa porini maradufu, akakaa kungoja miujiza. Kabichi zikakua kama kabichi. Zenye udongo wa porini na zisizo nao, hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Alikasirika mpaka akabeba mizizi yake kwenye kitambaa, akampitia Marsela, wakapanda trela kwenda tena kwa Siméon.

Siméon aliichemsha, akaitia wino, akaizungusha chini ya kioo mpaka macho yakamuuma. Ilikuwa mitupu. Hakuna uzi hata mmoja uliokuwa umeingia.

"Kwa nini?" Dafrosa aliuliza. "Udongo ni uleule!"

"Sijui, mama."

"Ukungu umekataliwa na kabichi, au haukutaka wenyewe?"

Siméon alifungua mikono. "Hata hilo sijui."

Jioni, trela likirudi tupu kupitia Nsemulwa, wanawake wawili walikaa juu ya magunia matupu, bega kwa bega, wakibishana. Dafrosa alisema kabichi ina kiburi. Marsela alisema huenda ina namna yake nyingine ya kuishi ambayo hakuna mtu ameitazama bado. Trekta liliingia barabara ya porini. Miti ya mininga na mitundu ilisimama kila upande hadi macho yanapoishia, na Marsela akaiacha sentensi katikati, akawa anatazama chini, kwenye udongo uliokuwa unapita, akizitafuta nyuzi alizojua zimo.